Vita vya New Mombasa na kalamu iliyokwenda Cleveland

Mwaka 2006 kampuni ya Marvel ilitoa kitabu cha katuni kilichozaliwa na gemu ya Halo. Ndani yake mna hadithi nne, na mojawapo inaitwa "Second Sunrise over New Mombasa". Maneno yaliandikwa na Brett Lewis. Michoro ni ya Moebius, jina la kalamu la Mfaransa Jean Giraud, mtu ambaye mkono wake ulipita kwenye filamu za Alien na Tron, na ambaye wachoraji wa katuni duniani kote humtaja kwa heshima anayopewa mwalimu. Bingwa huyo aliketi akachora mji wa Kenya ukivamiwa na viumbe wa anga za mbali, na macho ya hadithi hayakuwa ya yule askari wa vazi la kijani ambaye kila mchezaji anamfahamu. Yalikuwa macho ya raia. Hapa kwetu kitabu hicho kilipita kimya kimya. Sijawahi kukiona kwenye rafu ya duka lolote la vitabu Kisumu wala Nakuru, na wacheza gemu ninaokutana nao hushangaa wakiambiwa kipo.

Nasema hivi: katuni inayozaliwa na gemu ina kazi moja ambayo gemu yenyewe haiiwezi, nayo ni kumpa nafasi mtu asiyeshika bunduki. Kwa hadithi hii ya vita vya Afrika Mashariki kazi hiyo imeachwa nusu, na watu wanaofaa kuimalizia wako huku magharibi mwa Kenya.

Kwa asiyeijua Halo, gemu ya kwanza ilitengenezwa na Bungie ikatoka Novemba 2001 pamoja na mashine ya Xbox. Binadamu wa karne ya 26 wanapigana na muungano wa viumbe uitwao Covenant. Gemu hiyo yote inachezwa mbali na dunia, kwenye pete kubwa inayoelea angani. Ni Halo 2, ya Novemba 2004, iliyoleta vita duniani, na ikaanza na Mombasa. Mwaka ni 2552. Ng'ambo hii kuna mji mkongwe, ng'ambo ya pili kuna New Mombasa, kisiwa cha maghorofa chenye mnara mrefu unaopanda hadi nje ya anga, lifti ya kupandishia mizigo. Tunavuka daraja kwa kifaru, tunaingia mjini, tunaangusha dude lenye miguu minne linalotambaa juu ya majengo. Kisha meli ya adui inafyatuka kwenda safari ya nyota ikiwa bado juu ya mapaa, na mshindo wake unaangamiza sehemu kubwa ya kisiwa.

Septemba 2009 Bungie walirudi New Mombasa kwa gemu nzima, Halo 3: ODST. Naipenda gemu hiyo kuliko zote za ukoo wake. Mchezaji ni askari asiye na jina, anaamka usiku ndani ya chombo kilichoanguka, anazunguka mitaani peke yake akitafuta wenzake, saksafoni inalia kwa mbali. Watengenezaji walifungua ramani ya Mombasa tuijuayo wakachota majina: kuna Kizingo, kuna stesheni ya Kikowani. Mtu wa Pwani akiyaona majina hayo kwenye skrini moyo unaruka. Lakini mitaa yenyewe ni mitupu. Magari yametelekezwa barabarani, vibao vinawaka, kompyuta inayoendesha mji inajitahidi kumwelekeza askari kwa taa na honi. Mji wa Waswahili, na Mswahili haonekani.

Nilikuwa nikiicheza kwenye laptop, mpwa wangu ameketi pembeni, akaniuliza, "Anko, kwani watu wa hapa walienda wapi?" Mtoto wa darasa la sita. Aliuliza kwa sababu kulikuwa na matatu, au gari lililofanana na matatu, mlango wazi, na ndani hakuna mtu.

Bungie wenyewe waliliona pengo hilo. Walificha mjini rekodi 30 za sauti, kwenye simu za barabarani na mashine za kando ya njia, na ukizikusanya unapata hadithi ya Sadie Endesha, msichana anayejaribu kumfikia baba yake mji ukianguka. Kuna polisi kijana aitwaye Mike. Kuna Kinsler, kamishna wa polisi anayekitumia cheo chake kujiokoa na kumwinda msichana wakati huohuo. Rekodi hizo huja na michoro ya Ashley Wood, mchoraji wa katuni kutoka Australia, kwa hiyo kwa kweli ni katuni yenye sauti iliyofichwa ndani ya gemu. Ni kazi nzuri mno. Nayo ndiyo sehemu ambayo mchezaji mwenye haraka atamaliza gemu bila kuijua, kwa sababu gemu haimlazimishi kuitafuta.

Kwa nini raia akafichwa? Sababu ya kwanza ni ya mashine. Xbox ya 2001 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 64, na Xbox 360 iliyobeba ODST ilikuwa na 512. Simu ya bei nafuu inayouzwa leo pale Oginga Odinga Street, Kisumu, inazizidi zote mbili mara nyingi. Ndani ya nafasi hiyo finyu lazima viingie majengo, risasi, milipuko, na akili ya kila adui anayejua kujificha na kurusha guruneti. Kila mpita njia ukimwongeza anataka mwili wake, mwendo wake, sauti yake, na njia yake ya kukimbia. Mama mmoja mwenye kikapu anakula nafasi ya adui mmoja, na mtengenezaji atamchagua adui.

Sababu ya pili ni ya mkono wa mchezaji. Ukishampa mtu bunduki, kila kinachotembea mbele yake kinageuka shabaha au kikwazo. Zipo gemu zenye umati, Grand Theft Auto ikiwa mfano unaojulikana na kila kijana wa mjini, lakini umati ule hauna majina wala mahali unapokwenda. Raia akiingia kwenye gemu ya risasi, mtengenezaji ana njia mbili: amfanye asiweze kufa, na hapo anakuwa sanamu, au amwache auawe na mchezaji, na hapo hadithi ya ushujaa inachafuka. Njia ya tatu ni kumwondoa kabisa. Bungie walimwondoa.

Katuni haina taabu hiyo. Mama yule mwenye kikapu ni mistari michache ya wino, gharama ileile ya kumchora jemadari. Anaweza kusimama ukurasa mzima. Msomaji hana kitufe cha kubonyeza, kwa hiyo hana la kufanya isipokuwa kumtazama, na kumtazama kwa muda anaotaka mwenyewe. Anaweza kurudi nyuma kurasa mbili kuangalia kama mtoto aliyekuwa mgongoni bado yupo.

Tatizo ni kwamba katuni nyingi za aina hii hazitumii nafasi hiyo. Zinatumiwa kama kiraka. Gemu imetoboka mahali, muda wa kutengeneza umeisha, mwandishi anaambiwa ashone. Katika kitabu kilekile cha 2006, Tsutomu Nihei wa Japani amechora bila neno hata moja namna Sajini Johnson alivyotoroka kiumbe kiambukizi kiitwacho Flood. Michoro inasisimua. Lakini sababu ya kuwepo kwake ni kwamba Johnson alionekana amepotea kwenye gemu ya kwanza, kisha akatokea kwenye ya pili mzima wa afya, na mashabiki walidai maelezo. Mwaka 2010 kampuni ya Dark Horse ilitoa Mass Effect: Redemption, iliyoandikwa na Mac Walters na John Jackson Miller, kueleza jinsi mhusika Liara alivyoupata mwili wa Kamanda Shepard, shujaa wa gemu za Mass Effect. Mass Effect 2 iliyotoka Januari mwaka huohuo inaligusia jambo hilo juu juu na kuendelea na safari. Mwenye hela anunue vitabu vinne ndipo aelewe. Mimi sioni kosa kampuni kutafuta riziki, lakini msomaji anayelipa anastahili zaidi ya risiti ya jambo lililosahauliwa.

Dead Space walifanya vizuri zaidi mwaka 2008. Gemu inamfuata fundi aitwaye Isaac Clarke ndani ya meli ya anga iliyojaa maiti zinazotembea. Katuni, iliyoandikwa na Antony Johnston na kuchorwa na Ben Templesmith, inarudi nyuma kwenye koloni la wachimba madini ambako balaa lilianzia, na tunatembea na askari polisi wa pale anayeona watu wake wakibadilika mmoja mmoja. Ukiisoma kisha ukacheza, maiti wale si shabaha tena. Walikuwa na kazi, na zamu, na ugomvi wa nyumbani.

Sasa nifike Cleveland. Halo 2 ilikatika ghafla, vita vikiwa vimeanza tu, na Halo 3 ilikuwa ije Septemba 2007. Marvel wakaandaa Halo: Uprising, matoleo manne ya kuunganisha gemu hizo mbili, yaandikwe na Brian Michael Bendis na kuchorwa na Alex Maleev. Toleo la kwanza lilitoka Agosti 2007. La nne lilitoka 2009, wakati mashabiki walikwisha kuimaliza gemu muda mrefu na kuujua mwisho. Kama kiraka, lilichelewa nguo ikiwa imeshachanika.

Ucheleweshaji huo si neno. Linaloniuma ni mahali. Uvamizi wa dunia, kwa mujibu wa gemu zenyewe, kitovu chake ni Kenya: New Mombasa kwanza, kisha barabara kuu ya Tsavo, kisha Voi, ambako kimefukiwa kile ambacho Covenant walikuja kukitafuta. Katuni ikapewa kurasa za kutosha kumfuata raia vitani. Ikamfuata. Inaye Ruwan, mfanyakazi wa mapokezi hotelini, na Myras Tyla, mwimbaji maarufu, wawili wasio na mafunzo yoyote ya kijeshi wakikimbia kuokoa roho zao. Ndiyo hasa kazi ninayoitetea hapa. Ila mji ni Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani.

Bendis alizaliwa Cleveland. Hapo ndipo ninaposhindwa kumkasirikia. Alipewa vita vya dunia nzima, akavipeleka kwao, kwa sababu anajua mitaa ya kwao ilivyo na anajua mtu wa mapokezi wa hoteli ya kwao anavyozungumza. Kila mwandishi mwenye mizizi angefanya vivyo hivyo. Lewis na Moebius waliichora New Mombasa kwa ustadi, lakini kwa macho ya wageni. Bendis alipata nafasi ya kuandika nyumbani, akaandika nyumbani. Kwetu hapajatokea aliyeshika kalamu ile.

Na tazama linalotukuta kwa kukosa kalamu. Katika Halo 3, meli iliyobeba Flood inaanguka Voi. Maambukizi yanaanza kuenea. Viumbe waliokuwa adui, ambao sasa wamekuwa washirika wa binadamu, wanaamua kuichoma ardhi kutoka angani hadi igeuke kioo, ili maradhi yasisambae. Baadaye Admirali Hood analalamika kwamba nusu ya bara imeunguzwa. Anajibiwa kwamba isingekuwa ushauri wa mmoja wao, dunia nzima ingechomwa. Mazungumzo yanaishia hapo. Wahusika wanaingia melini, wanaondoka kwenda kumaliza vita mahali pengine kabisa.

Nusu ya bara. Imetajwa kwa pumzi moja. Voi na Kisumu zimetengana kwa zaidi ya kilomita 500 kwa mstari mnyoofu, na sijui moto ule ulisimama wapi, maana gemu haikujishughulisha kusema. Je, ulifika Athi River? Ulipanda Bonde la Ufa? Menengai ilikuwa ukingo wake? Miji ambayo sisi tumezikia wazazi wetu imo ndani ya sentensi hiyo au haimo, na hakuna aliyeona haja ya kueleza. Siamini walifanya kwa chuki. Mtu akiitazama Afrika kwenye ramani kutoka mbali, nusu yake ni kipimo tu cha ukubwa wa hasara, na hasara hiyo haina uso.

Ndiyo maana swali la mpwa wangu lina uzito. Watu wa hapa walienda wapi? Kimantiki jibu ni moja. Pwani ikiwaka na Voi ikiwaka, watu wanapanda bara. Wanafuata reli na barabara, Nairobi, Naivasha, Nakuru, wanapanda Mau, wanateremka Londiani na Muhoroni, wanafika ziwani. Hapo njia inaishia, kama reli ilivyoishia hapa mwaka 1901 pakiitwa Port Florence. Mbele ni maji, na ng'ambo ya maji ni Uganda na Tanzania. Vita vya New Mombasa, kwa upande wa wanaokimbia, vinaishia Kisumu.

Na watu wanaokimbia sisi tunawajua. Mapema 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema, na mabasi na malori yalileta Kisumu watu waliofukuzwa Naivasha, Nakuru na kwingineko. Wengi wao huku magharibi hawakukaa kambini. Walipokewa majumbani, na ndugu, na jamaa wa mbali, wakati mwingine na watu wa kijiji ambacho mgeni alikuwa hajakikanyaga tangu azaliwe. Nyumba ya vyumba viwili Nyalenda ikawa na familia tatu. Kuna watoto waliofika bila kujua Kijaluo neno moja, wamezaliwa na kukulia Naivasha, wakaambiwa hapa ndipo kwenu. Kuna wenyeji waliogawana omena kidogo iliyokuwepo kwa miezi, wakachoka, wakaona haya kusema wamechoka. Kuna waliokuwa wafanyakazi wa mashamba ya maua wakaanza upya kwa kusukuma mkokoteni Kibuye. Na wapo wa kabila jingine waliokuwa wakiishi hapa Kisumu kwa miaka, maduka yao yakateketezwa, nao wakafunga safari ya kuelekea upande ule ambao wetu walikuwa wakitoka. Mabasi yalipishana njiani.

Hakuna studio ya Marekani itakayoandika hilo. Haijui kwamba swali la kwanza mgeni anapofika usiku si "adui yuko wapi?" bali "wewe ni wa nani?" Haijui mama mwenye nyumba anavyohesabu vikombe kwa macho huku akisema karibuni, karibuni. Yote hayo yanafaa 2552 bila kubadilishwa hata koma. Weka meli ya Covenant juu ya ziwa, weka anga jekundu upande wa mashariki, halafu chora mlango ukibishwa Manyatta. Msomaji yeyote wa Halo, awe Ohio au Osaka, ataona jambo ambalo gemu haijawahi kumwonyesha.

Tuna uwezo? Naona tunao, na historia iko upande wetu. Juha Kalulu wa Edward Gitau alikaa kwenye Taifa Leo kwa miongo mingi, vizazi vikimsoma. Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mwaka 1973 na kuonyesha kwamba mtu wa kawaida wa mjini anaweza kuwa shujaa wa katuni. Frank Odoi, Mghana aliyeishi Nairobi hadi alipofariki 2012, alituachia Akokhan, hadithi ya nguvu za ajabu za Kiafrika iliyosimama kwa miguu yake. Na tangu 2010 Shujaaz imetoa katuni za Sheng zilizosambazwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa, ikafika vijijini ambako duka la vitabu halipo, ikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Wanaosema Mkenya hasomi katuni hawakuwahi kuona toleo la Shujaaz likipita mikono kumi mpaka jalada likanyofoka.

Kwa upande wa gemu, Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kisha akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana, na kampuni yao ikatoa gemu na katuni za Africa's Legends kwa pamoja. Andrew Kaggia na Black Division Games walitoa Nairobi X mwaka 2015, viumbe wa anga wakiivamia Nairobi. Niliifurahia sana ilipotoka. Lakini humo pia tunamfuata komando. Sababu ni zilezile za mashine na za mkono wa mchezaji, na kwa studio ndogo zinabana mara mbili. Ndiyo maana nasema kijana wa Kisumu au Kakamega mwenye hadithi asianze na gemu. Gemu inataka timu, kompyuta za nguvu, na miaka ya kula bila mshahara. Katuni inataka karatasi, skana ya saiba, na mchoraji mmoja asiyekata tamaa akifika ukurasa wa nane.

Wasomaji wako tayari kwenye vibanda vya PS, yaani vya kuchezea PlayStation. Nenda chochote pale Kondele jioni. Wawili wanacheza, sita wanangoja kwenye benchi, na hao sita hawanyamazi. Mmoja anaeleza kwa nini Kratos wa gemu ya God of War alimuua baba yake, mwingine anapinga, wa tatu amesikia mahali kwamba kuna sehemu nyingine ya hadithi. Wana njaa ya kilichotokea nje ya skrini. Mwenye kibanda akiwa na katuni tano zimening'inizwa kwa kamba ukutani, asome anayengoja zamu, hazitakaa siku nzima bila kushikwa. Tena wakati umekaa vizuri: Oktoba 2025 Microsoft, wenye Halo, walitangaza kwamba gemu ya kwanza ya Halo, ikiwa imetengenezwa upya, itaingia PlayStation 5 mwaka 2026. Kwa miaka yote hii Halo ilikuwa ya wenye Xbox na wenye kompyuta nzuri, na huku kwetu mashine iliyoenea ni PlayStation. Sasa vijana wa Kondele watakutana nayo. Watakutana na pete ya angani, maana gemu hiyo ya kwanza haifiki Mombasa. Katuni ya hapa ingewafikisha.

Lugha itagombaniwa, na ni vyema igombaniwe mapema. Mimi ningeandika visanduku vya msimulizi kwa Kiswahili sanifu na kuviacha viputo vya maneno viseme kama watu wanavyosema: mtoto wa Naivasha na Kiswahili chake cha Bonde la Ufa, nyanya na Kijaluo chake bila tafsiri pembeni, mvulana wa tuktuk na Sheng yake, mkimbizi kutoka Kizingo na Kimvita chake kinachowashangaza wote. Wasielewane vizuri kurasa za kwanza. Katika nyumba iliyojaa wageni ndivyo inavyokuwa, na mchoro utabeba kile ambacho maneno hayakufikisha.

Kuhusu haki, Microsoft ina kanuni zinazowaruhusu mashabiki kutengeneza kazi kutokana na gemu zake mradi wasiziuze na wafuate masharti yaliyoandikwa. Kwa hiyo hadithi fupi ya kurasa kumi na mbili, ya bure, inayotembea kwa WhatsApp, inawezekana bila kumwomba mtu wa Redmond, yaliko makao makuu ya Microsoft, mkutano. Atakayetaka kuuza abadilishe majina, aondoe Covenant, atunge wavamizi wake. Nyumba ile ya Manyatta haitapungukiwa na kitu, kwa kuwa haikuwa ya Microsoft tangu mwanzo.

Nawaomba wachoraji watakaoichukua wafanye jambo moja kwa makusudi: kurasa tatu za kwanza pasiwe na meli ya anga wala mlipuko. Wachore mabasi yakiingia stendi usiku, watu wakishuka na mizigo isiyolingana, magodoro, jiko, redio, kuku amefungwa miguu, na makondakta wakiuliza kila anayeshuka anakwenda kwa nani. Wapo watu hapa mjini wanaokumbuka stendi hiyo ilivyokuwa Februari 2008, na wengi hawajaulizwa bado. Waulizwe kwanza, wakubali kuulizwa, ndipo penseli ishikwe.